Ushuhuda wa Mke Wangu na Vidonge vya Tension

Sifa ni kwa Mungu aliyeuweka moyo gizani ndani ya kifua, ufanye kazi mchana na usiku bila kutuomba ruhusa wala kutuuliza kama tumestahili. Namshukuru kwa pumzi niliyo nayo katika uzee huu, kwa mke aliyenipa, na kwa akili aliyowagawia wanaotibu. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kufundisha watu wanaojiandaa kwa ubatizo; udaktari siujui. Lakini yaliyotupata Kisangani miaka ya vita yalinifundisha kuhusu moyo, ule wa nyama, mambo ambayo hakuna aliyenifundisha shuleni, na sipendi kuondoka nayo.

Tulikaa mtaa wa Kabondo. Mke wangu aliuza mchele na maharagwe kwenye meza mbele ya nyumba. Magunia aliyapata kwa wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, ambao mizigo yao ilishuka kwa ndege kwenye uwanja wa Bangboka, kwa kuwa mto ulikuwa umefungwa na barabara zimemezwa na msitu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Wateja walimtania: “Mama, hapa tununue gunia lipi, hili ama wewe?” Naye alijibu akinionyesha kwa kidole: “Mimi nimeshanunuliwa, muulize ule papa mwenye miwani.”

Vita vilitufanya tuipende chumvi kupita kiasi. Mwanzoni ilipotea kabisa, tukapika pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu, na watoto wakalia mezani. Iliporudi kwa ndege, kila mama aliyeweza kuinunua aliitia kwa mkono mzima. Kumpa mgeni mboga isiyo na chumvi ya kutosha kulikuwa kumwambia kwamba nyumba yako imekwisha. Zaidi ya hapo kulikuwa na samaki. Familia za wavuvi wa maporomoko zilituletea samaki wabichi, na mke wangu aliwapaka chumvi, akawakausha kwa moshi ndani ya pipa, akawaweka kwenye beseni chini ya kitanda. Siku za risasi hakuna aliyekwenda sokoni. Beseni lile lilitulisha, na tulimshukuru Mungu kwa kila samaki tuliyemtoa.

Maumivu ya kichwa ndiyo yaliyompeleka kwa daktari, kwenye zahanati ndogo ya misheni upande wa Tshopo. Nilimsindikiza. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti lililofuliwa mpaka likapoteza rangi. Alimfunga mke wangu kitambaa cha kupimia mkononi, akapuliza, akasikiliza, akarudia mkono wa pili. Kisha akauliza:

“Mama yako mzazi alikufa na nini?”

“Walimuroga.”

“Walimroga namna gani?”

“Alianguka sokoni na mzigo kichwani. Mdomo ukapinda, upande mmoja wa mwili ukafa. Alikuwa na mke mwenza mwenye wivu.”

“Na ndugu zake?”

“Mjomba wangu mkubwa alilala mzima, asubuhi wakamukuta baridi. Yeye pia walimuroga.”

Daktari aliweka kalamu chini. “Mama, ukoo wenu una wachawi wengi sana. Ama una tension.”

Mke wangu alicheka kwanza, halafu akatazama sakafu. Nadhani alikuwa anamwona mama yake pale chini, kati ya mafungu ya ndizi.

Tension ndilo jina letu la shinikizo la damu. Daktari alisema huja kwa njia nyingi: kwa damu ya ukoo, kwa umri, kwa unene, kwa chumvi, kwa pombe na tumbaku kwa wanaovitumia. Kichwa kingeweza kuuma kwa sababu nyingine, alisema, tushukuru tu kwamba kimetuleta. Watu wengi tension haiwaumi popote. Inakaa nao nyumbani kama mpangaji mkimya, na siku inapojitambulisha inakuwa imeshavunja kitu. Na moyo ndio unaobeba zaidi.

“Mama, unatwanga pondu?” aliuliza.

“Docteur, mimi nalisha watu na nini?”

“Alors, moyo ni mwanamke anayetwanga pondu na hana ruhusa ya kukaa. Akiwa na mchi wa kawaida, atatwanga mpaka uzee. Tension ikipanda, umemnyang’anya mchi wake ukampa wa chuma. Mwanzoni mkono wake utanenepa, watu watasema ana nguvu. Halafu mkono utachoka. Pondu itabaki ndani ya kinu, na nyumba nzima italala njaa.”

Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Akamwambia apunguze chumvi, na samaki wale awaloweke usiku kucha na kumwaga maji kabla ya kupika, na bora zaidi awaache. Atembee kwa miguu pale usalama unaporuhusu. “Na vidonge usiviache,” alisema. “Hata ukijisikia mzima. Hasa ukijisikia mzima.”

Mke wangu alitii. Alilalamika kwamba mboga ina ladha ya mvua, lakini alitii. Baada ya miezi alirudi kupimwa, safari ile bila mimi, na daktari akamwambia kwa furaha kwamba tension yake imeshuka kama ya msichana. Alirudi nyumbani akiimba.

Sasa lazima nieleze desturi ya kanisa letu. Mama akipata neema hakai nayo nyumbani. Jumapili wenzake wa kikundi cha sala wanamfunga kikwembe, yaani kitenge, kiunoni juu ya nguo zake, wanamzunguka na kumleta mbele kwa kucheza. Anapozungumza, wao wanashika pembe za kile kikwembe, ili ushuhuda wake uwe wa wote. Akimaliza, neno lake limekuwa mali ya kanisa. Litasimuliwa katika makanisa mengine, litatumika kuwaombea wagonjwa wengine. Na miaka ile habari zilizotufikia zilikuwa za nyumba zilizobomolewa na watoto waliozikwa uani. Tulipokea ushuhuda kama watu wenye kiu wanavyopokea kikombe.

Mjane aliyeongoza kikundi, ambaye wote tulimwita Mama Mukubwa, ndiye aliyemfunga kikwembe mke wangu Jumapili ile. Mke wangu akasimama mbele akasema: “Nilikuwa na tension. Mama yangu ilimuua. Daktari amenipima, na haiko tena. Bwana ameniponya!” Kanisa liliinuka. Karibu nami mama mmoja aliyekuwa amempoteza mtoto wiki chache kabla alisimama pia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona akipiga makofi.

Kesho yake asubuhi paketi ya vidonge ilibaki dirishani. Na kesho yake pia.

“Mama, hujameza,” nilimwambia.

“Nimemaliza.”

“Paketi imejaa.”

“Nimemaliza kuumwa, papa, si vidonge.”

“Daktari alisema usiache.”

“Daktari alisema haiko tena.”

“Alisema imeshuka.”

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. “Papa, umenisikia mbele ya kanisa. Ule mama aliyezika mutoto umemuona alivyosimama. Sasa mimi nitameza kidonge kwa uso gani? Mutu akiingia akanikuta na maji mdomoni, atasema nini juu ya Bwana?”

Tulibishana kwa upole, kama wanavyobishana watu waliooana zamani. Mimi nilisema vidonge navyo ni mkono wa Mungu. Yeye akasema hajakataa, lakini yeye amekwisha kusema neno, na neno limekwisha kutoka. Sikuweza kumfungua mdomo kwa nguvu. Namjua: hakuacha vidonge kwa kiburi. Aliviacha kwa sababu hakutaka kumfanya Mungu aonekane mwongo.

Halafu majeshi mawili ya wageni yalipigana mjini mwetu. Sitaeleza hayo, wengine wameyaeleza. Tulijifungia ndani, tukalala chini ya meza, na tukala samaki wa beseni, kwa sababu hakukuwa na kingine. Maji nayo yalikuwa machache, kwa hiyo hakuna aliyeloweka samaki.

Milio ilipotulia na watu wakaanza kutoka kutazama kilichobaki, niliona mke wangu amevaa kandambili zangu.

“Hizo ni zangu,” nilisema.

“Vita vimekwisha, wewe unahesabu kandambili?”

“Zako ziko wapi?”

“Zimekuwa ndogo. Miguu yangu imenenepa na neema.”

Nilicheka, lakini jicho lilibaki kwenye miguu yake. Alikivuta kikwembe chini ili kuifunika. Siku zilizofuata nilianza kuyaona mengine. Alipumzika katikati ya uwanja akitoka kisimani, hatua chache tu. Hakulala tena kitandani. Alikaa kwenye kiti, ameegemea ukuta, akisema joto ni kali. Akilala chali alisikia kama anazama. Jirani mmoja alipoona miguu akasema ni mbasu, ule uchawi wa miguu, na kwamba kuna mtu ametega kitu njiani. Mke wangu alimfukuza kwa sauti iliyokatika katikati kwa kukosa pumzi. Hapo ndipo niliogopa. Sauti ile ya kuvuka barabara ilishindwa kufika mlangoni.

“Twende kwa daktari,” nilisema.

“Nitamwambia nini?”

“Usimwambie kitu. Mimi nitasema.”

Nilitafuta toleka, baiskeli za kubeba watu ambazo zilikuwa magari yetu miaka ile, kwani petroli ilikuwa ya wenye bunduki. Dereva wa toleka alimtazama mke wangu, akatazama tairi ya nyuma.

“Papa, huyu ni mama ama ni kamioni ya mizigo?”

“Endesha,” mke wangu alimwambia, “kama huwezi, shuka nikubebe mimi.” Alisema hivyo akitweta, na dereva akaacha utani. Mimi nilitembea kando, nikimshika mgongoni, na kwenye kila mlima mdogo yule baba alishuka akasukuma bila kulalamika. Mungu ambariki popote alipo.

Zahanati ilikuwa na tundu kwenye paa, lakini daktari alikuwepo. Alibonyeza mguu wa mke wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa. Aliweka sikio la chuma mgongoni, akapima mkono. Hakuuliza kuhusu vidonge mpaka mwisho.

“Viko wapi, mama?”

Mke wangu alitazama ukuta. Nilimweleza mimi: ushuhuda, kikwembe, kanisa.

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kiti akakaa mbele yake. “Mama, siku ile hukusema uongo. Tension ilikuwa imeshuka kweli. Mimi niliyepima naweza kuapa. Lakini kulikuwa na kitu kinaishikilia chini, na wewe ukakiachilia. Sasa yule mwanamke anayetwanga amechoka. Damu hairudi vizuri, maji yanabaki miguuni na yameanza kuingia kwenye mapafu. Ndiyo sababu huwezi kulala. Nina vidonge vya kukutoa maji kwa mkojo, na nina vile vya tension. Si vingi, lakini vya kuanzia vipo. Meza sasa hivi.”

Akaviweka kwenye kiganja chake. Mke wangu alifunga vidole juu yake.

“Docteur, asante. Lakini sitameza kwa siri. Nisubiri kwanza nimwambie Mama Mukubwa. Ni yeye alinifunga kikwembe. Nikimeza bila yeye, nimemuibia kanisa.”

“Mama, bon, utamwambia kesho.”

“Nitameza kesho.”

Daktari alinitoa nje. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maji yale hayasubiri Jumapili, na hata kesho hawezi kuniahidi. Nikaelewa. Uhai wa mke wangu ulikuwa ndani ya ngumi yake mwenyewe, na ngumi ile ingefunguliwa na mtu mmoja tu, ambaye mimi nilimwogopa. Mama Mukubwa alijulikana kwa kufunga kavu, bila maji, kwa siku nzima nzima. Nilimwona katika mawazo yangu akija, akiweka mikono juu ya kichwa cha mke wangu, akiviita vile vidonge kukosa imani. Lakini sikuwa na njia nyingine. Nilirudi Kabondo na toleka ile ile, na njia nzima nilisali sala fupi moja, nikiirudia.

Nilimkuta anachagua maharagwe. Nilimweleza. Alijifunga kitambaa kichwani, akapanda nyuma ya baiskeli kwa upande mmoja kama msichana.

Alipoingia zahanati, mke wangu alianza kulia. “Mama Mukubwa, nisamehe. Nilitoa ushuhuda, na ugonjwa umerudi.”

“Nyamaza kwanza, usimalize pumzi.” Akamshika kifundo cha mguu, akatikisa kichwa. “Uliacha dawa tangu lini?”

“Tangu ushuhuda.”

“Siku ile ile?”

“Kesho yake.”

Mjane yule alimgeukia daktari na mimi. “Ninyi wanaume, tazameni dirishani.” Tulitazama dirishani. Tulisikia akifungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, pale mama zetu wanapofunga vitu vyao vya thamani. Halafu mke wangu akasema, polepole, “Hizi ni nini?”

“Ni kama zako. Za rangi nyingine. Nameza tangu kabla ya vita.”

“Lakini wewe pia ulishuhudia!”

“Nilishuhudia. Mwaka ule ule nilioanza dawa. Nikaendelea kumeza, jikoni, nimegeukia ukuta kama mwizi wa sukari.” Akavuta pumzi. “Sasa sikia. Wewe uliacha dawa usiwe mwongo. Mimi nilimeza nikawa mwongo. Kati yetu, mujinga ni nani?”

“Mimi, Mama.”

“Mimi pia. Lakini mimi ni mujinga anayepumua. Meza.”

Tuligeuka bila kupewa ruhusa. Mke wangu alifungua vidole. Vidonge vilikuwa vimelowa jasho la kiganja, kimoja kimeanza kuyeyuka. Daktari alileta maji. Alimeza akitutazama sote watatu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekula kiapo.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Kwanza maji yalimtoka, akawa anakimbilia choo mpaka akasema docteur amempa mvua ya kunywa. Miguu ilirudi kuwa na mifupa. Akalala tena kitandani, mwanzoni kwa mito mingi nyuma ya mgongo, kisha michache. Daktari alituonya: moyo uliochoka hivyo hunyanyuka, lakini unataka kulindwa maisha yote, vidonge kila siku, chumvi kidogo, na akivimba tena au pumzi ikikatika, aje bila kusubiri. Mara nyingi dawa zilikosekana mjini. Wafanyabiashara wale wa magunia, walipojua, walimtafutia kwa wenzao wa Goma na Butembo, wakamletea kati ya maharagwe. Zahanati ilikuwa inazikagua kwanza, kwa kuwa miaka ile ziliuzwa hata dawa zilizokwisha muda.

Aliporudishiwa nguvu, wale wawili walisimama kanisani pamoja. Hakuna aliyewafunga kikwembe. Mama Mukubwa alikataa. Mke wangu alisema: “Mlinisikia nikisema Bwana ameniponya. Sijafuta neno. Lakini nilidhani ameniponya mara moja, kama mutu anayelipa na kuondoka. Kumbe ananiponya kila siku, kama anavyonipa chakula. Hatumwombi mkate wa mwaka, tunamwomba wa leo. Na mimi cha leo nimekimeza asubuhi.” Kisha Mama Mukubwa akafungua fundo lake mbele ya watu wote.

Nisidanganye: kanisa halikuinuka. Wengi walitazama chini. Mzee mmoja alisema baadaye kwamba ingekuwa bora wangenyamaza, wasiwavunje moyo wadogo katika imani. Mama wawili waliondoka kwenye kikundi. Nilimtafuta kwa macho yule aliyezika mtoto, kwa sababu mke wangu alimwogopa yeye kuliko mchungaji. Alikuwa ameketi, haonyeshi lolote usoni. Ibada ilipokwisha alimngoja mke wangu mlangoni, akamshika mkono, akamuuliza: “Yule docteur anakaa wapi? Kwetu pia kuna batu wanaanguka.”

Wakaenda pamoja wiki ile. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kelele. Mimi pia nilinyoosha mkono nikapimwa, na nikakuta kwamba mpangaji mkimya alikuwa ameingia kwangu pia. Tangu hapo tunameza pamoja, mke wangu na mimi, baada ya sala ya asubuhi, mlango ukiwa wazi.

Wewe unayesoma, Mungu wa pumzi zetu akutunzie moyo uliokupa uhai kabla hujazaliwa. Akupe unyenyekevu wa kunyoosha mkono ukapimwe ungali mzima, na subira ya kumeza leo ulichoandikiwa cha leo. Akuwekee karibu mtu wa kukuambia ukweli bila kukuaibisha. Na nyumba yako ilale kwa amani, kila mmoja akilala chali na pumzi ikimtosha. Amina.